Mbwa wa Miezi 8 Jukwaani: Uchambuzi wa Kisa cha Popi

Popi ni mbwa dume, chotara wa mbwa wa kienyeji na Jemani Shepadi, anayefugwa Pongwe, kwenye barabara itokayo Tanga kwenda Muheza na Segera. Mwenye mbwa ni kijana anayefuga mbuzi wa maziwa pamoja na mama yake. Alimchukua Popi akiwa na wiki 7, akamfunza mwenyewe jioni baada ya kukamua, kwa subira ambayo wafugaji wengi wa mbwa hawana. Kufikia miezi 6 Popi alikuwa anakaa akiambiwa, analala, anabaki pale alipoachwa hata kijana akizungukia nyuma ya banda, anakuja kwa mluzi, anabeba kikapu kidogo cha ukili kwa meno bila kukitoboa, na anaruka kupita ndani ya duara lililotengenezwa kwa bomba la mpira. Video zake zikaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji, na haukupita muda akaalikwa kwenye maonesho mjini Tanga.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya kijana mwenyewe. Mimi hufunza mbwa wa ulinzi na wa kuchunga, na swali la kupeleka mbwa mchanga mbele ya watu naulizwa mara nyingi, karibu kila mara na mtu ambaye ameshakubali mwaliko.

Siku ya kwanza

Maonesho yalikuwa ya siku tatu, katika uwanja wa wazi. Onesho la Popi lilipangwa saa tisa na nusu alasiri, dakika kumi, juu ya jukwaa la mbao mbele ya banda la mifugo. Washiriki wote walitakiwa wawe wamefika saa tatu asubuhi. Kwa hiyo Popi alitoka Pongwe nyuma ya kirikuu pamoja na mbuzi wawili, akafungwa kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza, na akakaa hapo saa sita na zaidi.

Nilipomhoji kijana alitaka kunieleza habari za jukwaani. Mimi nilimrudisha kwenye saa sita zile, kwa kuwa ndizo zilizoharibu onesho. Meza ilikuwa ukingoni mwa njia. Watoto wa shule walikuja makundi kwa makundi, wakachuchumaa, wakampigia makofi puani, wakamrushia vipande vya mihogo ya kuchoma. Muuza mishkaki alikuwa hatua chache upande wa upepo. Spika mbili kubwa zilikuwa zimeelekezwa kwenye banda hilo hilo, zikipiga taarabu na matangazo kwa zamu. Hewa ya Tanga mchana ni nzito, na mbwa hupoza mwili kwa kuhema ulimi nje. Jasho lake ni la kwenye nyayo tu, halimfai kitu mbele ya joto kama lile. Unyevunyevu wa bahari ukiwa mwingi, hata kuhema huko hakumpozi sawasawa. Kijana alimwekea maji, lakini alikuwa anahudumia wateja wa maziwa na hakuona kwamba sufuria limebaki limejaa. Mama yake ndiye aliyeona. "Mwanangu, huyu hajanywa tangu tufike." Akamjibu, "Atakunywa tukishuka, mama."

Jukwaani mambo yalikwenda haraka. "Kaa, Popi." Popi akautazama umati, akapiga mwayo mrefu. Watu wakacheka, na mshereheshaji akatangaza kwenye maiki kwamba mbwa ana usingizi. "Kaa!" Akajilamba pua, akageuzia kichwa pembeni. Amri ikarudiwa, sauti ikipanda kila mara, mwisho kijana akamkandamiza kiuno kwa mkono. Akakaa nusu, akainuka. Mshereheshaji, kwa nia njema kabisa, akamsogezea maiki mdomoni ili watu wamsikie akibweka. Maiki ilipoelekea kwenye spika ikatoa ule mlio mkali unaochoma masikio. Popi akaruka chini, kamba ikamponyoka kijana mkononi, akaingia kwenye watu.

Mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe alikuwa anakatiza uwanja kuwahi sala ya alasiri. Popi alimpitia miguuni, mdomo umejaa mate, akaichafua kanzu toka gotini hadi chini. Akaishia kwenye uzio wa nyaya, na watu watatu wakamshika. Hakung'ata mtu. Mbwa mwenye hofu aliyebanwa uzioni na mikono ya wageni ana kila sababu ya kung'ata, na kwamba hakufanya hivyo kunaniambia mengi mazuri juu ya tabia yake na malezi aliyopata.

Mzee hakupiga kelele. Walipiga wengine kwa niaba yake. Kijana alimfuata. "Shikamoo, mzee wangu. Nisamehe, ni uzembe wangu." Mzee akaitika marahaba, kisha akamwambia, "Mimi sina ugomvi na mbwa, mwanangu. Lakini umenikosesha sala ya jamaa."

Kwa nini hakukaa

Kijana aliponipigia simu usiku ule neno lake la kwanza lilikuwa kwamba mbwa amekuwa mkaidi. Nimelisikia mara nyingi mno, na nalipinga kwa nguvu zangu zote, maana likishakubaliwa linalofuata ni fimbo.

Popi alifundishwa kukaa uani, jioni, kukiwa na utulivu, na mtu mmoja aliyesimama mbele yake akiwa na kipande cha maini mfukoni. Mbwa halipokei neno "kaa" peke yake. Anapokea na harufu ya banda, na ardhi iliyo chini ya nyayo zake, na mahali aliposimama bwana wake. Ukiondoa hivyo vyote ukampandisha kwenye mbao zinazotoa sauti kila akikanyaga, mbele ya watu mia kadhaa, amri uliyompa ni mpya kwake. Mtoto anayesoma kwa moyo chuoni mbele ya mwalimu wake anaweza kusahau kila kitu siku ya Maulidi, akishikishwa maiki mbele ya kijiji kizima, na hakuna mzazi mwenye akili anayesema mtoto huyo hajui kusoma. Ili somo la mbwa lisafiri, lazima lirudiwe katika sehemu nyingi tofauti, kila sehemu ikianzwa upya kwa urahisi. Popi alikuwa hajapata hata sehemu ya pili.

Umri nao. Mbwa wa miezi 8 ni kijana anayebalehe. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2020, uliofuatilia mbwa wanaolelewa kuwa viongozi wa wasioona, ulipima hasa jambo hili: amri ya kukaa. Mbwa wale wale walioitii vizuri wakiwa na miezi 5 walisitasita walipofika miezi 8, na walisita zaidi kwa mlezi wao kuliko kwa mtu mgeni. Hali hiyo hupita. Mwenye mbwa asiyejua kwamba ipo huanza ugomvi katika miezi hiyo, na ugomvi hubaki hata ujana ukishaisha.

Kuna lililotangulia zaidi, ambalo halikuwa kosa la mtu. Kuanzia wiki ya 3 hadi karibu ya 14 mtoto wa mbwa ana mlango wazi: anachokutana nacho humo bila kutishwa atakihesabu maisha yake yote kuwa ni cha kawaida. Popi muda huo aliupitisha uani. Kijana alihofia parvo, ugonjwa wa kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa, na alisubiri chanjo zikamilike, ambazo hurudiwa hadi mbwa afikishe wiki 16 hivi. Hofu yake ilikuwa ya haki. Ila kulikuwa na njia ya katikati ambayo hakuna aliyemwambia: kumpakata mtoto wa mbwa, bila kumshusha chini, akasimama naye kando ya barabara ya Pongwe aone malori, pikipiki, watoto wa shule na mabaibui yanayopepea.

Na dalili zilikuwepo. Ule mwayo uliochekesha watu ni mwayo wa wasiwasi. Kujilamba pua pasipo chakula, kugeuza kichwa, kukataa maji, kuonesha weupe wa jicho, hayo ndiyo maneno ya mbwa anayeomba apewe nafasi. Popi aliyasema yote kwa adabu kabla ya kukimbia. Mlio wa maiki ulikuwa tone la mwisho tu, ingawa nao usidharauliwe: sikio la mbwa husikia sauti za juu hadi kufikia mitetemo 45,000 kwa sekunde, wakati letu huishia 20,000, kwa hiyo yaliyomfika yeye si yale yaliyotufika sisi.

Kanzu ya mzee

Kwenye makundi ya wafugaji sehemu hii ilirukwa haraka. Wengine waliandika kwamba watu wa Tanga hawapendi mbwa, basi. Sikubaliani nao, na nataka nikae hapa kidogo.

Waislamu wengi wa mwambao wetu wanafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Kwa madhehebu hayo mbwa ni najisi nzito. Palipoguswa na mate yake au unyevu wake huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi. Mzee yule alikuwa na udhu, yuko njiani kuswali. Hakuna aliyemwudhi kwa makusudi, lakini ilimbidi aende nyumbani akabadilishe nguo, na jamaa ikampita. Kwa mtu anayeishika dini yake hiyo ni hasara, na haikuwa hasara yake kuibeba.

Dini hiyo hiyo inaruhusu kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mashamba, na wengi wamelelewa na hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mzee aliposema hana ugomvi na mbwa mimi namwamini. Alichotaka ni kuachiwa njia yake safi. Mfugaji anayepeleka mbwa hadharani Tanga ajue kabla ya kuondoka nyumbani kwamba sehemu kubwa ya watazamaji wake wanataka kumwona mbwa na hawataki kuguswa naye, na haya mawili hayagombani kabisa. Ni suala la kamba, nafasi na saa. Onesho linalowekwa muda wa alasiri, kando ya njia iendayo msikitini, limewakosea watu hata kabla mbwa hajafika.

Siku ya pili na ya tatu

Kijana alitaka kufunga virago. Nilimshauri amrudishe Popi uwanjani, lakini si jukwaani. Mbwa aliyetoka mahali kwa hofu na asirudi tena hubaki na picha ile ya mwisho.

Siku ya pili hakukuwa na onesho. Tulikaa mbali, ukingoni kabisa mwa uwanja, chini ya mkungu, mahali ambapo muziki ulifika umefifia. Kipimo changu ni kimoja: je, anakula? Popi hakuwa ameshindiliwa ugali asubuhi ile, na mfukoni kulikuwa na maini ya kuchemsha yaliyokatwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Mwanzoni aliyanusa akayaacha. Tukarudi nyuma zaidi, hadi akala. Kila alipotazama umati na asitetemeke, kipande kikaingia mdomoni. Hakupewa amri yoyote, hata "kaa". Alipoanza kugeuka mwenyewe kumtazama bwana wake kila spika zikipanda, tukasogea kidogo. Kabla hajachoka tukaondoka. Mama wa kijana, aliyekuwa akitutazama kutoka bandani, aliniuliza kama hiyo ndiyo kazi yenyewe, kumlisha mbwa kivulini. Nikamwambia, ndiyo mama, kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Siku ya tatu tuliomba mambo kwa waandaaji, nao, niseme haki yao, waliyakubali. Onesho lihamie saa tatu na nusu asubuhi, jua halijapanda na watu ni wachache. Lifanyike chini kwenye nyasi. Spika zizimwe dakika hizo chache, na mshereheshaji atumie sauti yake ya kawaida. Tukazungusha kamba mbili za katani, ya ndani na ya nje, na kati yake nafasi ya hatua kadhaa ambayo mtu haingii. Kijana akasimama akatangaza kwamba mbwa hatagusa mtu na mtu asimguse mbwa, na kwamba atakapoona amechoka ataishia hapo. Nilipenda alivyolisema hilo la mwisho, bila kuona haya.

Tulileta pia mkeka wa Popi kutoka nyumbani, ule anaolalia barazani. Mbwa akishafundishwa kwamba mkeka huu ni mahali pa kukaa na kulipwa, unaweza kuuchukua uende nao popote, na kipande kile cha nyumbani kinampa pa kuanzia.

Alitakiwa afanye matatu. Alikaa, kwa kuchelewa kidogo. Alibaki kwenye mkeka wakati kijana akizunguka duara lote la kamba, na hapo watu walishangilia kwa sauti ya chini kama walivyoombwa. Kikapu alikinusa, akakiinua, akakitua, akageuzia kichwa pembeni. Kijana akanitazama. Nikanyamaza, maana uamuzi ulikuwa wake. Akakiokota mwenyewe, akawaambia watu, "Kwa leo basi," akamlipa Popi kwa yale mawili na kumtoa. Yote yalichukua dakika tatu au nne. Mwenye mbuzi mmoja kutoka Maramba alimfuata bandani na kukaa naye muda mrefu akiuliza namna ya kumzoesha mbwa kukaa na mifugo bila kuifukuza.

Duara la kuruka tulikuwa tumeliondoa tangu mwanzo. Watu walililalamikia kwa kuwa ndilo walilolijua kwenye video. Mifupa ya mbwa wa ukubwa huu bado inakua katika miezi 8, ncha zake bado ni laini, na hufunga kwenye mwaka mmoja au zaidi. Kumrusha tena na tena kwenye mbao au udongo mgumu ni kumkopea maumivu ya viungo ya baadaye. Hata nyumbani nimemwomba alishushe duara liwe la kupita kwa kutembea.

Walionipinga

Mfunzaji mwenzangu, mtu ninayemheshimu, alisema nimemdekeza mbwa. Kwa maoni yake Popi angerudishwa jukwaani siku ile ile, ashikiliwe mpaka atulie, angezoea. Namjibu hivi: mbwa anayeshikiliwa mpaka atulie mara nyingi hajatulia, amekata tamaa. Anaacha kuhangaika kwa kuwa ameona hakumsaidii, na hofu inabaki ndani, inatoka siku nyingine kwa meno. Mbwa wa ulinzi wa kilo 30 na zaidi mwenye hofu ya namna hiyo ni hatari kwa watoto wa mtaa mzima. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amwepushe na mateso yasiyo ya lazima, na sioni ulazima wowote katika onesho la dakika kumi.

Pingamizi la pili lilikuwa zito zaidi: kwamba mbwa asiletwe kabisa penye watoto wengi, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hauna masihara. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na karibu wote wanaoupata wanaupata kwa mbwa. Kwangu mimi hoja hii inadai cheti, haidai marufuku. Popi alichanjwa akiwa na miezi 3 na kadi yake iko. Lakini siku ya kwanza hakuna mtu langoni aliyeiulizia, na hilo ndilo ningelirekebisha kabla ya mengine yote: mbwa asiye na kadi ya chanjo iliyo hai asivuke lango. Na bandani pawe na sabuni na maji ya bomba, kwa kuwa aliyeng'atwa anatakiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Sabuni hiyo hiyo na maji hayo hayo, pamoja na ndoo ya udongo safi, vingemsaidia mzee yule kwenye kanzu yake.

Alipo sasa

Tulipanga ratiba baada ya maonesho. Popi anapelekwa karibu na stendi ya Kange asubuhi mapema, wakati mabasi yanajaza abiria, wanakaa upande wa pili wa barabara na mkeka wao, kisha wanarudi nyumbani. Siku nyingine ni ukingoni mwa uwanja wa mpira wa Pongwe timu zikicheza. Amri ya kukaa imeanzwa upya katika kila sehemu, na imerudi. Spika bado ni kazi. Kijana anampigia muziki nyumbani wakati wa chakula, sauti ikiongezwa kidogo kidogo, na Popi akiacha kula sauti inashushwa.

Kijana alikwenda pia kwa yule mzee, Ngamiani, kuomba radhi kwa utulivu, akiwa na lita mbili za maziwa ya mbuzi. Mzee aliyapokea na akamuuliza kama mbwa hakuumia kwenye zile nyaya.

Mwaliko mwingine umeshakuja. Amejibu kwa maandishi: atakuja Popi akishatimiza mwaka na nusu, onesho liwe asubuhi, chini kwenye nyasi, kamba mbili, spika zimezimwa, na mbwa afike nusu saa kabla badala ya saa sita. Bado hawajamjibu.